Deni la Jukwaani: Shania Twain na Safari ya Come On Over

Mwanzoni mwa mwaka 1998 Shania Twain alikuwa na albamu tatu sokoni, tuzo ya Grammy mkononi, na nyimbo zilizopigwa kutwa kwenye redio za Kanada na Marekani. Kitu kimoja hakuwa nacho: hakuwa amewahi kufanya ziara yake mwenyewe. Katika muziki wa kantri hilo lilikuwa jambo la kushangaza, na kwa wengine ni la aibu. Mwimbaji wa kantri hupimwa barabarani, leo mji huu, kesho mji ule, akilala ndani ya basi, na mashabiki wa muziki huo ni wagumu kumkubali mtu mpaka wamsikie akiimba mbele yao. Twain alikuwa ameuza mamilioni ya nakala kabla ya kupita kwenye mtihani huo. Minong'ono ikaenea Nashville, jimboni Tennessee, kitovu cha muziki huo, kwamba huyu ni mwimbaji wa studio, na kwamba kinachosikika kwenye kanda ni ufundi wa mashine na wa mumewe.

Ziara iliyoanza mwezi Mei mwaka huo ilizima minong'ono hiyo. Lakini ili kuelewa kwa nini ilichelewa, na kwa nini kule kuchelewa ndiko kulikoipa albamu ya Come On Over umbo lake, lazima turudi nyuma, kaskazini mwa jimbo la Ontario.

Timmins na Huntsville, 1965–1990

Alizaliwa Windsor, Ontario, tarehe 28 Agosti 1965, akaitwa Eileen Regina Edwards. Mama yake alipoolewa tena na Jerry Twain, mwanamume wa jamii ya Waojibwa, familia ikakaa Timmins, mji wa migodi ya dhahabu wenye baridi kali na kipato cha kubahatisha. Chakula kilikuwa haba. Kuna siku watoto walikwenda shule bila cha kula, na Twain amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akificha hali hiyo mbele ya walimu.

Mama yake aliiona sauti ya binti huyu mapema akaamua isipotee. Sheria ilikataza mtoto kuwamo kwenye baa wakati pombe inauzwa, kwa hiyo mama alimwamsha usiku wa manane, mauzo yakishafungwa, akampeleka kuimba mbele ya walevi waliokuwa bado wanamalizia bilauri zao. Alikuwa na miaka minane tu. Hakuwa na kifaa cha kumficha wala mtu wa kumwitikia. Ni gitaa, moshi wa sigara na watu ambao hawakuja kwa ajili yake. Wale waliokuja kusema baadaye kwamba hajui jukwaa hawakuijua sehemu hii ya maisha yake.

Tarehe 1 Novemba 1987 gari la wazazi wake liligongana na lori la magogo, wote wawili wakafa. Twain alikuwa na miaka 22. Wadogo zake walibaki mikononi mwake, na mtu mwenye watoto wa kulisha hawezi kuzunguka baa na bendi ya vijana. Alipata kazi katika hoteli ya kitalii ya Deerhurst, mjini Huntsville, kuimba kwenye maonyesho ya mtindo wa Las Vegas: mavazi ya manyoya, wacheza dansi, na nyimbo za watu wengine usiku baada ya usiku. Mshahara ulikuwa wa uhakika. Pale alijifunza kutembea jukwaani, kupumua katikati ya dansi, kuzungumza na ukumbi, na kubadili nguo kwa dakika moja. Pale pia alichoka kuimba nyimbo zisizo zake.

Nashville yabadilika, 1991–1993

Wakati Twain akiimba Huntsville, mambo yalikuwa yakigeuka mjini Nashville. Mwaka 1991 jarida la Billboard lilianza kupanga chati zake kwa hesabu zilizotoka moja kwa moja kwenye mashine za malipo madukani, badala ya kuwapigia simu wenye maduka na kuwauliza nini kinauzika. Ghafla ikaonekana kwamba muziki wa kantri, uliodhaniwa kuwa wa watu wa mashambani na madereva wa malori, ulikuwa ukinunuliwa kwa wingi mno hata mijini. Septemba mwaka huo albamu ya Ropin' the Wind ya Garth Brooks iliingia chati kuu moja kwa moja katika nafasi ya kwanza. Brooks alijaza kumbi za michezo kwa vishindo alivyovichota kwenye muziki wa roki. Kampuni za kurekodi zikafungua mifuko na kuanza kusaka nyota wapya.

Katika msako huo Twain, akisaidiwa na mwimbaji wa Kanada Mary Bailey aliyekuwa meneja wake, alisainiwa na Mercury Nashville. Akachukua jina la Shania. Albamu ya kwanza, iliyobeba jina lake, ilitoka Aprili 1993, na karibu nyimbo zote ziliandikwa na watu wengine. Haikuvuma. Nyimbo alizoandika mwenyewe zilibaki kwenye daftari, na angeweza kabisa kurudi Kanada na kusahaulika kama wengi waliosainiwa mwaka ule.

Kilichomwokoa ni simu.

Mtoto wa Mufulira

Aliyepiga simu alikuwa Robert John Lange, anayejulikana zaidi kwa jina la utani la Mutt. Lange alizaliwa mwaka 1948 Mufulira, mji wa migodi ya shaba nchini Zambia, uliopo karibu kabisa na mpaka wa Kongo, na akakulia Afrika Kusini. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuipindua sauti ya Nashville alikuwa mzaliwa wa Ukanda wa Shaba, na tangu utotoni alipenda muziki wa kantri aliousikia akiwa mbali sana na Tennessee.

Jina lake lilijengwa kwenye roki. Alikuwa prodyuza wa Highway to Hell na Back in Black za kundi la AC/DC, kisha Pyromania na Hysteria za Def Leppard, na Waking Up the Neighbours ya Bryan Adams. Alisifika kwa uvumilivu wa ajabu studioni: alirekodi sauti za kuitikia tabaka juu ya tabaka mpaka kiitikio kikasikika kana kwamba kinaimbwa na uwanja mzima. Hakupenda kuhojiwa wala kupigwa picha. Alimwona Twain kwenye video, akampigia, na Twain, asiyejua anaongea na nani, akamwimbia nyimbo zake mwenyewe kwenye simu. Walikutana uso kwa uso Nashville katikati ya 1993. Mwezi Desemba walioana.

Lange aliona kile ambacho kampuni haikukiona, yaani daftari lile. Alimtaka Twain aimbe aliyoyaandika, naye akawa mwandishi mwenza.

Albamu bila ziara, 1995–1996

The Woman in Me ilitoka Februari 1995. Iligharimu fedha nyingi kuliko kawaida ya Nashville, na mwanzoni wenye kampuni walikuwa na wasiwasi kama zitarudi. Zilirudi. "Any Man of Mine" ulipanda hadi namba moja kwenye chati ya kantri, nyimbo nyingine zikafuata, na hatimaye albamu iliuza zaidi ya nakala milioni 12 Marekani peke yake. Mwaka 1996 ilipata Grammy ya albamu bora ya kantri.

Kila mtu alingoja tangazo la ziara. Halikuja.

Sababu zake zilikuwa za mtu anayeijua kazi. Albamu moja iliyovuma haitoshi kujaza saa mbili za jukwaa. Angelazimika kuimba kama mtangulizi wa msanii mwingine, au kujaza nafasi kwa nyimbo za watu, na hayo alikwisha kuyafanya kwa miaka huko Huntsville. Akaamua kungoja mpaka awe na nyimbo zake za kutosha kusimamisha onyesho zima. Badala ya ziara alipita kwenye televisheni na kwenye maduka makubwa kusaini picha. Huko Mall of America, jimboni Minnesota, maelfu walifurika kumwona mtu ambaye hakuimba hata wimbo mmoja.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi kibiashara, lakini ulimgharimu heshima. Waandishi wa muziki waliuliza waziwazi kama anaweza kuimba bila studio. Video zake, tumbo likiwa wazi na kamera ikimfuata kiuno, ziliwapa wakosoaji silaha ya pili: wakasema kinachouzwa ni sura. Ilikuwa dhuluma, kwa sababu waimbaji wa kiume waliovaa suruali za kubana hawakuulizwa swali hilo. Hata hivyo swali lilibaki, na jibu lake lingepatikana mahali pamoja tu.

Dalili ya kwanza kwamba jibu linaandaliwa ni mabadiliko ya meneja. Aliachana na Bailey akamchukua Jon Landau, meneja wa Bruce Springsteen, mwanamuziki ambaye maonyesho yake marefu ni gumzo Marekani nzima. Mtu anayekusudia kukaa studioni hamtafuti meneja wa namna hiyo.

Nyimbo 16, 1996–1997

Come On Over ina nyimbo 16, na zote ziliandikwa na Twain na Lange wawili tu. Nashville haikuwa imezoea hivyo. Huko nyimbo huandikwa na watunzi wa kuajiriwa, waimbaji huchagua kutoka kwenye rundo, na watu kumi wanaweza kugawana albamu moja. Hapa mume na mke waliandika nyumbani na safarini. Twain ameeleza kwamba wazo la "From This Moment On" lilimjia akiwa na mumewe kwenye mechi ya mpira huko Italia, akili ikiwa imehama uwanjani.

Wapigaji walikuwa vigogo wa studio za Nashville: Paul Franklin kwenye gitaa la stili, lile linalolazwa na kulizwa kwa kipande cha chuma, Dann Huff kwenye gitaa la umeme, Paul Leim kwenye ngoma, na mafundi kadhaa wa fidla. Lange aliwatumia kwa namna isiyo ya kawaida. Katika kantri ya zamani fidla na stili hupewa nafasi zao za kulia peke yao, mwimbaji akisubiri. Yeye alizigawa vipande vifupi vinavyojirudia, kama mpiga roki anavyotumia gitaa, ili kila chombo kiwe na mdundo wake ndani ya wimbo.

Chukua "Man! I Feel Like a Woman!". Kabla hata mdundo haujaanza, Twain anatoa mwito wa maneno machache, kwa sauti ya mtu anayefungua sherehe. Kisha kinanda cha umeme kinapuliza mlio mfupi kama wa tarumbeta, gitaa linaujibu, na kabla ya nusu dakika kwisha msikilizaji aliye nyuma kabisa ya ukumbi amekwisha kuutambua wimbo. Ubeti ni mfupi. Kiitikio kinapanda ngazi, kinasimama ghafla, kinaachia jina la wimbo peke yake hewani. Pale panaposimama ndipo watu elfu 15 wanapotarajiwa kuitikia. Haya ni maandishi ya mtu anayeona jukwaa mbele yake, hata kama bado amekaa mbele ya maikrofoni chumbani.

Tazama pia alama za mshangao zilivyotapakaa kwenye majina: "Rock This Country!", "If You Wanna Touch Her, Ask!", "Whatever You Do! Don't!". Ni nyimbo za kuita na kuitikiwa. Miaka ile ya kungoja ilikuwa imewapa nafasi ya kuandika albamu inayodai ukumbi.

Wasiosikiliza kwa makini waliiona kama furaha tupu. Ndani yake kuna "Black Eyes, Blue Tears", wimbo kuhusu mwanamke anayepigwa na kuamua kuondoka. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2011, Twain alisimulia vurugu alizoziona nyumbani kwao akiwa mtoto. Na "You're Still the One", ambao wengi huuchukulia kama wimbo mtamu wa mapenzi, ulizaliwa na uchungu wa kusikia watu wakitabiri kwamba ndoa yake na Lange haitadumu.

Matoleo mawili, 1997–1998

Albamu ilitoka Amerika ya Kaskazini tarehe 4 Novemba 1997. Iliingia chati kuu ya Billboard katika nafasi ya pili, na jambo ambalo wengi hawaamini ni kwamba haikuwahi kufika ya kwanza. Haikupanda kwa kishindo ikaporomoka. Ilikaa. Kwenye chati ya albamu za kantri ilishika namba moja kwa jumla ya wiki 50, na singo zikaendelea kutoka moja baada ya nyingine hadi zikafika 12, kutoka vuli ya 1997 hadi mwaka 2000.

Tatizo lilikuwa ng'ambo. Ulaya, neno kantri lilifunga milango ya redio kabla wimbo haujasikika. Lange akarudi mezani na kuzichanganya nyimbo upya. Katika toleo la kimataifa lililotoka mapema 1998, fidla na stili zilirudishwa nyuma au kuondolewa, vinanda na magitaa ya pop yakaletwa mbele, na mpangilio wa nyimbo ukabadilishwa. Sauti ya Twain ilibaki ileile. Nashville baadhi yao walikasirika; waliona ni kuukana muziki uliomlea. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, nyimbo zilizostahimili kuvuliwa nguo na kuvikwa nyingine bila kupoteza kiitikio zilikuwa zimeandikwa vizuri tangu mwanzo.

Uingereza ilichelewa kuelewa. Ilihitaji "That Don't Impress Me Much", na video yake ya mwanamke aliyevaa mavazi ya chuichui akitembea peke yake katika jangwa la Mojave, ndipo mwaka 1999 albamu ikapanda hadi namba moja, karibu miaka miwili baada ya kuzaliwa. Australia nayo ikaikumbatia kwa wiki nyingi.

Afrika Mashariki haikuhitaji maandalizi hayo. Kenya hasa, wasikilizaji walikuwa wamekua na Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton redioni, na Nairobi ina waimbaji wake wa kantri, akiwemo Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis. Kwa masikio kama hayo stili na fidla ni utamu, na "You're Still the One" na "From This Moment On" zikaingia kwenye orodha ya nyimbo za harusi bila ubishi.

Barabarani, Mei 1998 – Desemba 1999

Mtihani wa kwanza ulikuja kabla ya ziara. Tarehe 14 Aprili 1998 kituo cha televisheni cha VH1 kiliandaa onyesho la Divas Live mjini New York. Twain alipanda jukwaa moja na Celine Dion, Mariah Carey, Gloria Estefan na Aretha Franklin, na kipindi kikarushwa moja kwa moja. Kwa mtu anayesemwa kuwa hawezi kuimba nje ya studio, hakuna meza ngumu kuliko hiyo. Alitoka salama, na wiki sita baadaye akawa njiani.

Maandalizi yalikuwa na ugumu ambao mashabiki hawakuuona. Wapigaji wa studio za Nashville hawazunguki. Kazi yao ni kurekodi asubuhi na jioni mjini kwao. Ilibidi bendi iundwe upya. Tena kwenye albamu sauti za kuitikia zilikuwa tabaka nyingi za kurekodiwa, nyingi zikiwa za Lange mwenyewe, na Lange hakuwa na nia ya kupanda jukwaani. Zile sauti zote zilihitaji midomo. Twain akachagua wanamuziki tisa, wengi vijana, walioweza kupiga na kuimba papo hapo, huku J. D. Blair akiwa kwenye ngoma. Fidla zilikuwa tatu. Toleo la kimataifa lilikuwa limezisukuma fidla nyuma, lakini jukwaani zilirudi mbele kabisa, wapigaji wakikimbia nazo kutoka upande huu hadi ule. Mimi naona huo ndio uamuzi mzuri kuliko yote ya ziara ile: aliyemtuhumu kuukimbia muziki wa kantri alikutana nao ukiwa na miguu.

Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 29 Mei 1998, katika ukumbi wa Sudbury, Ontario. Wangeweza kuanzia Nashville au Toronto. Walianzia mji wa migodi ulio safari ya saa chache kutoka Timmins, mbele ya watu wanaojua alikotoka. Kundi la Leahy, ndugu wa familia moja ya Ontario wanaopiga fidla na kucheza dansi ya hatua, ndilo lililofungua.

Twain hakuwa na wacheza dansi. Alitembea. Hii ni sanaa ya Huntsville: kujua lini usimame, lini uinamie safu ya mbele, lini uache ukumbi uimbe. Karibu nyimbo zote zilitoka kwenye The Woman in Me na Come On Over, jambo ambalo mwaka 1996 lisingewezekana. Kila mji ulikuwa na nafasi ya mtoto wa pale: vituo vya redio viliendesha mashindano, na mshindi aliimba na Twain jukwaani. Mwaka 1999 huko Ottawa, mshindi alikuwa msichana wa miaka 14 kutoka mji mdogo wa Napanee. Jina lake Avril Lavigne. Miaka mitatu baadaye albamu yake ya kwanza, Let Go, ilisambaa duniani kote.

Watoto hawakuwekwa pale kama mapambo. Tangu 1996 mapato ya singo ya "God Bless the Child" yalikwenda kwenye mipango ya kulisha watoto Marekani na Kanada. Mtu aliyewahi kukaa darasani na njaa alijua anachokifanya, na katika ziara kwaya za watoto ziliimba wimbo huo pamoja naye.

Septemba 1998 onyesho la Dallas lilirekodiwa na baadaye likauzwa kama video. Kwa wale waliokuwa bado na shaka, ushahidi ukaingia sebuleni. Sauti si laini kama ya albamu. Kuna mahali inakwaruza, kuna mahali anaivuta pumzi kwa nguvu. Lakini ni yake, na inafika.

Ziara ilizunguka Amerika ya Kaskazini, ikavuka hadi Australia mwaka 1999, ikagusa Uingereza na Ireland, ikarudi tena. Machi 1999 televisheni ya CBS ilionyesha kipindi maalumu kilichorekodiwa Miami, Elton John na Backstreet Boys wakiwa wageni. Kulikuwa na mzunguko ambao kampuni ya kurekodi haikuweza kuupanga vizuri zaidi: onyesho linauza albamu mjini, redio ya mji inapiga singo mpya, singo inajaza ukumbi unaofuata. Ndiyo maana albamu ya 1997 ilikuwa bado ikiuzwa kama mpya mwaka 1999. Pazia lilifungwa Florida, Desemba 1999, baada ya maonyesho zaidi ya 150.

Tuzo na matokeo yake

Grammy za Februari 1999 zilimpa tuzo mbili kwa "You're Still the One"; za mwaka 2000 zikampa mbili nyingine, kwa "Man! I Feel Like a Woman!" na kwa wimbo wenye jina la albamu. Tuzo yenye maana kubwa zaidi, hata hivyo, ilitoka nyumbani. Septemba 1999 chama cha muziki wa kantri, CMA, kilimtangaza mburudishaji bora wa mwaka. Tuzo hiyo hutazama kazi ya jukwaani, na kabla yake haikuwahi kwenda kwa mtu asiye raia wa Marekani. Wapiga kura ni watu wa tasnia yenyewe, ile iliyokuwa ikinong'ona.

Mwaka 2004 albamu ilithibitishwa kuwa imefikisha nakala milioni 20 Marekani. Duniani kote idadi inatajwa kuwa zaidi ya milioni 40, na hakuna albamu ya studio ya mwimbaji wa kike wa kujitegemea iliyouzwa zaidi.

Nashville ilijifunza somo lake, na si lote lilikuwa zuri. Kampuni zilikimbilia kutafuta wanawake wenye sura na kiitikio kikubwa, na nyimbo nyingi za kantri zikaanza kutoka na toleo la pili la redio za pop. Lakini pia wasichana walioandika nyimbo zao wenyewe walipata mfano. Taylor Swift, aliyeingia Nashville akiwa kijana mdogo na baadaye akahamia pop, amemtaja Twain waziwazi kama mtu aliyemwonyesha kwamba njia ipo.

Baada ya hapo

Twain mwenyewe alipumzika, akahamia Uswisi, akapata mtoto mwaka 2001. Wazo la matoleo mawili likakuzwa: Up! ya Novemba 2002 ilitoka kwa sauti tatu, diski nyekundu ya pop, ya kijani ya kantri na ya bluu yenye ladha ya muziki wa Kihindi. Katika ziara yake ya 2003 aliumwa na kupe, akapata ugonjwa wa Lyme, na ugonjwa huo ukaharibu neva za koo. Ndoa na Lange ilivunjika mwaka 2008. Kwa miaka kadhaa alidhani hataimba tena.

Aliyemrudisha hakuwa prodyuza. Alirudi kwa njia aliyoanza nayo, jukwaani, safari hii Las Vegas, kuanzia Desemba 2012. Mwaka 2017 akatoa Now, albamu ambayo nyimbo zote aliziandika peke yake, na mwaka 2018 akafanyiwa upasuaji wa koo. Sauti iliyobaki ni nzito zaidi kuliko ile ya Sudbury. Kwa sauti hiyo aliimba "Man! I Feel Like a Woman!" na Harry Styles katika tamasha la Coachella mwaka 2022, na kwa sauti hiyo alisimama mbele ya umati wa Glastonbury, Uingereza, Juni 2024, sehemu kubwa ya nyimbo alizoimba zikitoka kwenye Come On Over.